Kaburi la Mgeni na Daftari la Majina Yetu

Hotuba ya kamati ya fedha katika mkutano wa mwaka wa harambee ya wana Mpwapwa waishio mijini



Kwa kawaida kamati ya fedha ikisimama mbele yenu huwa na mapato mkono mmoja na matumizi mkono wa pili. Taarifa ya hesabu za mwaka mmekwisha kuipokea, na jedwali lake limo katika kijitabu hiki. Tumeomba dakika chache zaidi kwa sababu safari hii tunaleta ombi ambalo halijawahi kuwamo katika bajeti yetu. Si ombi la bati wala saruji wala madawati. Tunaomba fedha za daftari. Ili mwelewe kwa nini, itabidi tuanze na kaburi la mtu ambaye hakuwa ndugu yetu.

Uwanda wetu wa kati haukuvutia walowezi wengi wa Kizungu. Walikwenda Usambara, Kilimanjaro na Iringa, kwenye ubaridi na mvua. Kwetu mvua ni chache na jua ni kali, na aliyekuja mara nyingi alikuwa mpita njia: mwenye msafara, mmisionari, askari, fundi wa reli, na baadaye watu wa mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951. Wengi walipita, lakini wapo waliobaki ardhini mwetu. Mmoja wa waliotangulia ni Joseph Mullens.

Mullens alizaliwa London mwaka 1820. Mwaka 1844 alikwenda Kalkata, India, kuwa mmisionari wa London Missionary Society. Mwaka uliofuata alimwoa Hannah Catherine Lacroix, binti wa mmisionari mwenzake kutoka Uswisi. Hannah alizaliwa huko huko Kalkata na alikua akisema Kibengali kama watoto wa mji ule. Mwaka 1852 alitoa hadithi kwa lugha hiyo, inayowahusu wanawake wawili, Phulmani na Karuna. Wako wataalamu wanaoihesabu kuwa riwaya ya kwanza ya Kibengali, na ilitafsiriwa katika lugha kadhaa za India. Hannah alifariki mwaka 1861 na akazikwa Kalkata. Mumewe alirudi Uingereza, akawa katibu wa shirika lake, na miaka ya 1873 na 1874 akazuru Madagaska na kuiandikia kitabu.

Ilikuwaje mtu huyo akafika kwetu? Shirika lake lilikuwa limeamua kufungua kituo Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Mwaka 1877 walijaribu kusafiri kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka pwani. Mbung'o wakawamaliza ng'ombe, na magari yakabaki njiani. Waliosonga mbele kwa miguu nao walipata taabu. J. B. Thomson alifariki Ujiji mwaka 1878, na Arthur Dodgshun akafariki huko huko mwaka 1879, muda mfupi baada ya kufika. Katibu Mullens, akikaribia miaka 60, akaamua kuja mwenyewe. Aliondoka pwani mwaka huo wa 1879 pamoja na daktari kijana, Ebenezer Southon, na W. Griffith. Aliugua njiani, na tarehe 10 Julai 1879 akafariki mahali palipoitwa Chakombe, kabla hajaiona Mpwapwa. Mwili wake ukafikishwa Mpwapwa, ambako wamisionari wa CMS walikuwa wameweka kituo, ukazikwa katika makaburi ya misheni.

Basi familia moja ina kaburi la mama Kalkata na kaburi la baba Mpwapwa. Na sisi, miaka zaidi ya 140 baadaye, tunaweza kueleza mwaka aliozaliwa, mke aliyemwoa, kitabu alichoandika mke huyo, na siku aliyokata roho. Mtu huyu hakuishi kwetu hata siku moja, kwani aliingia Mpwapwa akiwa maiti.

Sasa tuulize swali moja la mhasibu. Maiti ilifikaje?

Gari hapakuwa, na reli ilikuwa bado miaka 30 mbele. Mizigo yote ya njia ile, shanga, vitambaa, mahema, masanduku ya dawa, ilikwenda kichwani na mabegani mwa wapagazi. Mtu aliyefia njiani alifika makaburini kwa mabega yale yale. Watu walimbeba katibu Mullens, wakapokezana, wakatafuta maji, wakalala porini na maiti, wakafika. Walipofika Mpwapwa kulikuwa na watu wa pale, babu zetu na bibi zetu, waliokuwa na maji na chakula. Mpwapwa ilikuwa mahali ambapo misafara ilipumzika na kushiba kabla ya kukatiza nyika ya Marenga Mkali, ambayo jina lake tu linakuambia habari ya maji yake, na wana Chunyu hapa hawahitaji kuelezwa. Kaburi lenyewe nalo lilichimbwa katika udongo wetu, ambao sote tunajua ugumu wake mwezi Julai.

Aliyebebwa ana tarehe. Waliombeba hawana jina hata moja ambalo tunaweza kulitaja hapa leo.

Ndugu zetu, hatusemi haya kwa chuki juu ya marehemu. Mgeni akizikwa kwako amekuwa amana yako, na wazee wetu hawakuwa watu wa kuchezea makaburi. Wala hatusemi kwamba Mullens alikosea kuandikwa. Alikuwa na shirika lililoweka kumbukumbu. Kila barua ilitunzwa, kila fedha iliyotumika iliingizwa kitabuni, kila aliyekufa alitangazwa. Ndiyo maana anajulikana. Alitangulia kufa katika nchi ya mbali, lakini alikuwa na daftari nyumbani. Wahenga wetu walilisema jambo hili mapema kuliko vyuo vya uhasibu: mali bila daftari huisha bila habari. Tunaongeza tu kwamba watu nao ni mali.

Tutazame mfano wa pili, ulio mkubwa kuliko kaburi moja. Mwishoni mwa Julai 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Waingereza na Waafrika Kusini yaliingia Dodoma, na muda si mrefu Wajerumani wakaondolewa Mpwapwa pia. Pale Dodoma mjini yako makaburi ya askari wa vita ile, yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Tume hiyo kazi yake ni majina. Hata mjukuu wa askari aliye Cape Town akiandika barua leo, atajibiwa.

Lakini vita ile haikupiganwa na askari peke yao. Ilibebwa na wapagazi. Waingereza waliwaita Carrier Corps, na wakazi wa Dar es Salaam mnalitamka jina hilo kila mnapokwenda sokoni, maana ndilo lililozaa Kariakoo. Mwaka 2021 tume ile yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kuwa watu wasiopungua 116,000 waliofia upande wa Uingereza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda hata 350,000, hawakuwahi kukumbukwa kwa jina, na wengine hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwaka huo. Radhi ni jambo jema, ila haiwezi kurudisha jina ambalo halikuandikwa.

Na nyumbani kwetu, yakafuata mengine. Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamechukua ng'ombe, yamechukua mtama na uwele, yamechukua vijana wa kulima. Kisha mvua zikagoma. Ikaja njaa ambayo wazee wa Ugogo waliiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza njaa hiyo kwa kuwasikiliza wazee wetu, anaandika kuwa iliua watu 30,000 katika nchi iliyokuwa na watu 150,000. Gaweni wenyewe: ni mmoja katika kila watano. Hesabuni watu watano katika mstari mlioketi, kisha mwondoeni mmoja, mfanye hivyo hadi mlangoni.

Watu 30,000, na wana jiwe gani? Nani kati yetu anaweza kutaja wanne wa ukoo wake waliokufa katika Mtunya, na mahali walipolazwa? Hatuulizi ili kuaibishana. Tunaulizana kwa sababu bado wapo wanaoweza kujibu, na hao ndio sababu ya ombi letu.

Piga hesabu ya miaka. Mtoto aliyezaliwa katika Mtunya leo angekuwa na zaidi ya miaka 100. Walioiona kwa macho wamekwisha. Walioisikia kutoka midomoni mwa waliookoka ndio wazee wetu wa miaka 75, 80 na 85. Hao ndio daraja la mwisho.

Lipo na jambo la tatu, la karibu zaidi. Wazee wetu hawakuwa na makaburi ya kijiji. Mtu alizikwa nyumbani kwake, karibu na tembe yake na zizi lake, ili wanaobaki wajue yuko wapi na waweze kwenda kumtaja wakati wa shida. Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma, na baada yake Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini. Kaya zilizokuwa zimetawanyika zikasogezwa pamoja. Leo hatukuja kuhukumu siasa ya wakati ule. Shule, zahanati na mabomba vilivyofuata vimetusomesha wengi tulio humu ukumbini. Tunachosema ni kwamba tembe zilibomolewa na watu wakahama, ila makaburi hayakuhama. Yalibaki kwenye mahame. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku ile anajua bado mbuyu upi, mteremko upi, jiwe lipi. Naye leo amepita 70. Mwanawe, ambaye ni mmoja wetu, anajua njia ya kwenda Kariakoo na njia ya kwenda bandarini. Mahame ya babu yake hayajui.

Mwaka huu tuliposambaza mpango huu kwa wanachama, wapo waliotuuliza swali la haki: kuna shule zina uhaba wa madawati, kuna vitongoji vinachota maji ya mtoni pamoja na ng'ombe, na ninyi mnataka fedha za wafu? Swali hili lazima lijibiwe mbele ya wote, na majibu yetu ni matatu.

La kwanza: hakuna shilingi inayotoka kwenye visima wala madarasa. Mifuko hiyo inaendelea kama ilivyopitishwa. Ombi hili ni mfuko wake wenyewe, mdogo, na utakaguliwa peke yake. Anayetaka kuchangia maji tu, achangie maji tu, na stakabadhi yake itasomeka maji.

La pili: kazi hii haina mwaka kesho. Kisima tusichochimba mwaka huu tunaweza kukichimba mwaka ujao, maana maji yapo chini yanasubiri. Mzee wa miaka 83 hatuwezi kumpangia bajeti ya mwaka ujao.

La tatu ni la ardhi, na hili liwaguse hata wasiojali historia. Nchi yetu inabadilika haraka. Serikali imehamia Dodoma. Treni ya umeme inapita wilayani kwetu. Barabara, njia za umeme, viwanja na mashamba makubwa vinapimwa. Kuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, ambayo inaruhusu makaburi yahamishwe ardhi inapotakiwa kwa faida ya umma. Sheria hiyo inataka tangazo litolewe, na inatambua haki ya ndugu wa marehemu kufidiwa gharama za kuhamisha na kuzika upya. Lakini ndugu huyo lazima ajitokeze, aseme: huyu ni wangu, jina lake hili, amelala hapa. Atasemaje asiyejua? Mashine ya kusawazisha ardhi haiwezi kutofautisha kaburi lisilo na alama na kichuguu. Na hata kabla ya mashine, mvua za misimu michache na kwato za ng'ombe zinatosha.

Sasa tueleze ombi lenyewe, vipengele vitatu.

Kipengele cha kwanza ni daftari la koo. Kila familia itapewa kurasa zake. Itaandika majina ya waliotangulia kadiri inavyokumbuka, wake kwa waume, pamoja na watoto waliokufa wadogo. Pasipo tarehe, tutaandika kama wazee wanavyohesabu: mwaka wa njaa fulani, mwaka wa nzige, mwaka wa operesheni. Tutaandika alipolazwa, na jina la aliyesimulia, ili anayesoma ajue neno limetoka kwa nani. Daftari halitachagua kabila wala dini. Mpwapwa ni ya Wagogo, Wakaguru, Wahehe na wengine wengi waliokuja wakabaki. Wageni waliozikwa kwetu nao watakuwa na ukurasa wao, akiwemo Mullens, na chini ya jina lake tutaacha mistari wazi kwa ajili ya waliombeba. Nakala zitawekwa ofisi za vijiji, makanisani, misikitini na shuleni, ili moto au mchwa wa mahali pamoja usimalize kazi yote.

Kipengele cha pili ni vijana. Kila kata itoe vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wafundishwe kuwasikiliza wazee, kurekodi sauti zao kwa simu, kwenda nao kwenye mahame na kuandika mahali kaburi lilipo kwa ramani ya simu. Tunaomba walipwe nauli na posho halali. Kazi ya kujitolea bila nauli huishia kwenye mkutano wa kwanza, na sote tumeiona ikiishia hapo. Mzee naye asiendewe mikono mitupu. Kilo ya sukari na blanketi si hongo, ni adabu.

Kipengele cha tatu ni jiwe moja la Mtunya. Hatuombi mnara. Tunaomba jiwe la kwetu, lililochongwa na fundi wa kwetu, mahali ambapo mkutano wa wilaya na wazee watapachagua. Litachorwa jina la njaa, miaka yake, na idadi. Mwanafunzi akipita aulize, na mwalimu awe na la kujibu.

Makadirio ya kila kipengele yamo katika jedwali la mwisho wa kijitabu, pamoja na fomu ya ahadi. Fedha zitaingia akaunti ya chama kwa jina la mfuko huu, zitatolewa kwa saini tatu, na taarifa ya matumizi itachapishwa katika kijitabu cha mwaka ujao, hadi bei ya kalamu. Ukaguzi utafanywa na mtu asiye wa kamati yetu. Tunasema hivyo mapema kwa sababu tumezaliwa vijijini na tunajua harambee ngapi zilianza kwa vigelegele zikaishia kwa minong'ono.

Na kwa asiye na fedha leo, lipo analoweza kulitoa, nalo ni kubwa kuliko noti. Jumapili hii au Ijumaa ijayo, mpigie simu mzee mmoja wa kwenu. Msalimie kwanza, msikilize habari za mgongo wake na za mvua. Kisha muulize: baba yake babu aliitwa nani, mama yake alitoka ukoo gani, wamelala wapi. Andika. Mkiwa na kurasa mbili tu za namna hiyo, mmekwisha kuchangia, na karani wetu atazipokea kwa stakabadhi kama anavyopokea fedha.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu zetu wote, Mullens alipata watu wa kumfikisha, na alipata watu wa kumwandika. Waliomfikisha walikuwa wa kwetu na wa njia ile. Walioandika walikuwa wa kwao. Sisi leo tumesoma, tuna kalamu, tuna simu, tuna mshahara mwisho wa mwezi, na baadhi yetu tunaishi kwa kuandika hesabu za watu wengine. Hakuna tena wa kumsingizia kwamba hatukuandikwa. Anayepaswa kuandika yumo humu ukumbini.

Kwa niaba ya kamati ya fedha tunaufungua mfuko huu rasmi. Wajumbe wa kamati wamekwisha kutoa ahadi zao, na ziko mstari wa kwanza wa fomu mezani kwa karani. Mistari iliyobaki ni yenu.